Kujiandaa Kutumikia Misheni Nje ya Nchi: Mwongozo kwa Kijana wa Kisumu

Ukiitwa kutumikia ugenini na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambako wavulana hutumikia miezi 24 na wasichana miezi 18, anza na pasipoti, ambayo huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, kisha ufike mwenyewe katika ofisi ya uhamiaji, na bahati nzuri Kisumu inayo. Kama unaelekea Ghana, chanjwa dhidi ya homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya safari, na ile kadi ya manjano uibebe mkononi pamoja na pasipoti.

Linalohitaji subira zaidi, kwa maoni yangu, ni kumwandaa mama. Keti naye mapema mkubaliane kuhusu simu, kwa kuwa tangu Februari 2019 wamisionari wanaruhusiwa kuzungumza na familia kila wiki katika siku yao ya maandalizi, yaani siku moja ya wiki wanayotumia kufua, kununua mahitaji na kuwasiliana na nyumbani. Mweleze kwamba Kisumu ikiwa saa kumi jioni, Accra huwa ni saa saba mchana, ili asikae na wasiwasi simu isipolia.

Jifunze kufua kwa mkono na kupika. Utaishi na mmisionari mwenzako usiku na mchana, huenda akatoka nchi nyingine kabisa, na ugomvi mwingi huanzia kwenye sufuria iliyoachwa bila kuoshwa. Akikukwaza, mwambie siku hiyohiyo, kwa upole, mkiwa wawili tu.