Kuficha tatuu kazini kwenye joto la Tanga: hatua kwa hatua

Adui wa mekapu ya kuficha tatuu hapa Tanga ni jasho na unyevu wa bahari. Anayeshuka bajaji mlangoni pa ofisi saa mbili asubuhi tayari shingo imelowa, na mekapu iliyopakwa juu ya losheni haifiki saa nne. Kwa hiyo mwongozo huu unasisitiza mambo mawili: ngozi isiyo na mafuta, na subira kati ya tabaka na tabaka.

Kabla ya kununua chochote, muulize msimamizi au afisa utumishi kinachotakiwa ni nini hasa. Mapokezi ya hoteli na dirisha la benki mara nyingi huwa wakali kwa shingo na mikono. Ghalani au karakana huenda hakuna anayejali, na hapo huna sababu ya kujisumbua kila alfajiri. Hina ya harusi usiifiche, mji huu unaijua na itafifia yenyewe.

Zipo tatuu ambazo mekapu haizifai. Tatuu mpya usiiguse. Ngozi ya juu huchukua wiki mbili hadi nne kufunga, na maadamu bado ina magamba au inawasha, ukipaka poda unakaribisha usaha. Mpishi, nesi na yeyote anayenawa mikono kila mara asipake viganjani wala kwenye vidole: vitakasa mikono vyenye spiriti huyeyusha mekapu, na kinachotoka kinaishia kwenye chakula au kwa mgonjwa. Na kama unaomba kuingia Jeshi la Polisi, matangazo yao ya ajira husema mwombaji asiwe na alama za kuchora mwilini. Kuficha hapo ni udanganyifu, na sabuni na maji vitakuumbua.

Anza na nguo, kwa sababu nguo haiyeyuki. Shati la mikono mirefu la pamba linatosha kwa mkono mzima. Tatizo ni sare nyeupe nyepesi, mchoro mweusi hupenya. Wengi huongeza singlendi nyeupe ndani na mchoro unaendelea kuonekana. Vaa singlendi ya kahawia inayokaribiana na ngozi yako. Kifundo cha mkono, saa yenye mkanda mpana inakimaliza. Mekapu ibaki kwa shingo, nyuma ya sikio na sehemu ndogo za mkono.

Utahitaji rangi ya kusahihisha (krimu ya rangi inayoua rangi ya wino), konsila (krimu ya rangi ya ngozi ya kufunika madoa) nzito isiyong'aa, poda laini isiyo na rangi, sprei ya kushikiza mekapu, sponji na brashi pana. Saa 24 kabla ya kuvitumia, jaribu kidogo kwenye kunjo la kiwiko. Kikiwasha, acha.

Hatua ya 1: ngozi. Nyoa vinyweleo jioni iliyotangulia, si asubuhi, maana ngozi iliyotoka kunyolewa huchoma ikiguswa na sprei. Asubuhi osha kwa sabuni, kausha, kaa mbele ya feni mpaka jasho likate. Usipake losheni, vazelini wala mafuta ya nazi sehemu hiyo.

Hatua ya 2: rangi ya kusahihisha. Hapa ndipo wengi hukosea. Wino mweusi wa tatuu, ukipakwa konsila peke yake, hutokea kama doa la kijivu, kwa sababu weusi wake una ubuluu ndani. Ubuluu huuliwa na rangi ya chungwa. Ngozi nyeusi sana inataka chungwa linaloelekea wekundu. Maji ya kunde, chungwa lililopoa. Wino wa kijani huuliwa na nyekundu, na mwekundu huuliwa na kijani. Kwa mchoro wa sentimita 5 kwa 5, kiasi cha punje moja ya mahindi kinatosha. Gonga kwa sponji, usisugue, na ishie kwenye mistari ya mchoro. Subiri dakika 3, tupia poda kidogo.

Hatua ya 3: konsila. Chagua rangi yake mlangoni, kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa ya duka, na ilinganishe na ngozi ya sehemu yenyewe: shingo na mkono haviko sawa na uso. Paka tabaka jembamba, vuka ukingo wa mchoro kwa sentimita 2, subiri dakika 3, rudia. Mbili hutosha, tatu ndio mwisho. Ukizidisha, itapasuka kila unapokunja shingo.

Hatua ya 4: poda. Ikandamize nyingi mpaka sehemu yote iwe nyeupe, uiache dakika 5 hadi 10 inywe mafuta, kisha ipukute kwa brashi. Watu huikata hatua hii kwa haraka ya kazi, kisha hulalamika kwamba konsila haifai. Malizia na sprei, umbali wa sentimita 25, mizunguko miwili, kila mmoja ukauke.

Hatua ya 5: kagua. Kandamiza tishu nyeupe. Ikitoka na rangi, kola nayo itachafuka, rudia poda. Piga picha karibu na dirisha. Ukiona kijivu, rangi ya kusahihisha ilikuwa kidogo. Ukiona chungwa, ilikuwa nyingi, au konsila imepungua. Mistari iliyovimba itaendelea kuonekana mwanga ukitokea pembeni. Mekapu huficha rangi, haisawazishi ngozi.

Ukitoka jasho kazini, kandamiza kwa tishu kavu bila kufuta, kisha ongeza poda.

Jioni paka mafuta ya nazi, subiri dakika moja, futa kwa pamba, osha kwa sabuni. Usitumie dodoki: ngozi iliyochubuka haishiki mekapu kesho yake. Na asikudanganye mtu kwamba mkorogo utafuta tatuu. Wino umekaa chini ya tabaka linalochubuliwa, hivyo utaharibu ngozi na mchoro utabaki palepale. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini.