Kuzipiga picha taa za Krismasi huku unavuta zumu

Kila Desemba napanda nyumbani Marangu, Kilimanjaro, na kila Desemba mdogo wangu anazungushia migomba ya mbele ya nyumba taa zake za rangi alizonunua Kariakoo. Kwa macho ni taa tu. Iache kamera wazi sekunde nne ndipo utaziona.

Anza mapema. Miaka mingi nilikuwa nasubiri giza liingie sawasawa, napata nukta zinazoelea kwenye weusi kama masizi, mgomba wenyewe hauonekani. Mwisho wa Desemba jua la kwetu linazama kama saa 12:40 jioni, na buluu ya anga haikai. Una dakika ishirini hivi. Saa 12:30 stendi ya kamera iwe imeshasimama, hata kama shangazi anaita mtori unapoa.

Weka kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), ISO 100 (kamera isivute mwanga sana), f/11 (tundu la lenzi, namba ikipanda tundu linapungua), na shata, lile pazia linaloruhusu mwanga, ikae wazi sekunde 4. Fokasi taa moja, kisha hamia fokasi ya mkono ili lenzi isianze kutafuta tena gizani. Kizuia mtikisiko cha lenzi kizime. Juu ya stendi huwa chenyewe kinaleta mtikisiko. Rimoti sina, natumia taima ya sekunde 2. Picha ikiungua kwa mwanga, nenda f/16, lakini sekunde usizipunguze. Hizo ndizo unazochorea.

Sasa zumu, yaani kuvuta picha karibu kwa lenzi. Lenzi yangu ni ile ya kawaida inayokuja na kamera, milimita 18 (inaona kwa upana) hadi 55 (inavuta karibu). Naanzia 18, shina la mgomba katikati kabisa, maana ukivuta zumu katikati hapahami, pembeni ndiko kunakokimbia. Vidole viwe juu ya pete ya zumu kwenye lenzi kabla shata haijafunguka. Ikifunguka, tulia: moja, mbili. Hapo mgomba na taa zinajichora zikiwa zimetulia. Kisha zungusha pete polepole hadi 55 kwa sekunde mbili zilizobaki. Kila taa inaota mkia unaokimbilia nje. Ukizungusha tangu mwanzo bila kutulia, unapata mistari mitupu, na hakuna atakayejua ulipiga nini. Mimi huharibu kama kumi ndipo nipate moja.

Jambo moja lilinisumbua sana. Mikia ilikuwa inatoka imekatikakatika kama shanga, nikadhani kamera imekufa. Kumbe ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za LED za bei nafuu zinazochomekwa ukutani huwaka na kuzima mara 50 au 100 kwa sekunde. Jicho halikamati, ila pete ikizunguka kila mwako unaangukia mahali pake. Siku hizi nazipenda hizo shanga: zungusha haraka zitawanyike, zungusha taratibu zigusane. Ukitaka mstari laini, tafuta zile balbu ndogo za zamani zenye waya ndani.

Mwaka juzi umeme ulikatika shata ikiwa wazi, ndiyo kwanza nimeanza kuvuta. Nikalaani, nikaingia ndani kutafuta mshumaa. Baadaye nikaifungua ile picha: migomba imetulia, anga la buluu, na kila taa ina kijimkia kifupi. Mama akataka isafishwe itundikwe sebuleni. Mdogo wangu anaiita ya viluwiluwi.