Taa ya injini ikirudi, usikubali ifutwe tu

Kama gari lako la zamani linawasha taa ya injini kila baada ya siku chache, usimruhusu fundi aifute kabla hujaandika namba ya hitilafu inayosomwa na mashine ya kupimia. Ikisoma P0171, injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta, na mara nyingi sensa ya oksijeni, inayopima moshi na kutoa taarifa hiyo, haina kosa. Kwangu ulikuwa mpira wa hewa unaotoka eya klina (boksi la kichujio cha hewa): kwa juu mzima kabisa, nilipoukunja kwa mkono ufa ukafunguka chini kama mdomo. Na nilishaambiwa ninunue sensa! Kagua mipira kwanza, injini ikiwa imepoa.

Lakini taa ikiwaka na kuzima mfululizo, injini inamisi, yaani silinda haiunguzi mafuta sawasawa; mara nyingi ni plagi au koili. Punguza mwendo, usimame, maana mafuta yasiyoungua yanaenda kuunguza masega ya ekzosi, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi.