Kusoma na kufanya field nje ukiwa chuo Arusha au Moshi: anzia idarani kwako

Naandika hii kwa mwanafunzi aliyeko IAA pale Njiro, Chuo cha Ufundi, Makumira, Nelson Mandela kule Tengeru, MoCU ya ushirika, Mwenge, Mweka ya wanyamapori au KCMC ya udaktari, ambaye anataka kwenda kusoma semista nje au kufanya field yake, yaani mafunzo kwa vitendo, nje. Kuna jambo moja naomba ulishike kabla ya mengine yote, safari yako inaanzia kwenye mlango wa mkuu wa idara yako, haianzii kwa wakala wala kwenye kuchagua nchi. Wengi wanafanya kinyume, wanachagua nchi, wanalipa watu, wanakata mpaka pasipoti, alafu mwishoni kabisa ndo wanaenda kuuliza kama chuo kitatambua, jibu likiwa hapana hela ishaenda na semista ishaenda.

Ukienda idarani uliza vitu vitatu tu na uombe majibu kwa maandishi. Kwanza, je chuo kina makubaliano na chuo chochote cha nje, kwa sababu mengi yapo ila yamelala kwenye mafaili na hamna mwanafunzi anayeuliza. Pili, masomo nitakayosoma huko yatahesabiwa kwenye krediti zangu hapa, na ni yapi kwa yapi. Tatu, nikifanyia field nje nani atanisimamia, maana hapa supavaiza anapanda gari anakuja kukuona ofisini ulipo, huko hawezi kuja, kwahiyo mkubaliane mapema kwamba atakusimamia kwa video na kwamba logibuku yako, yaani daftari la kazi zako za kila siku, ikisainiwa na bosi wa huko inakubalika. Barua hiyo ukiipata itunze vizuri, utaitumia ubalozini, utaitumia kwa mwajiri, na utaitumia siku unarudi na mtu wa mitihani aliyekaa pale ni mwingine asiyekujua.

Sasa njia zenyewe. Ya kwanza ni kubadilishana wanafunzi, yaani unabaki kuwa mwanafunzi wa chuo chako ila semista moja au mbili unasoma kwingine. Programu kubwa hapa ni Erasmus+ ya Umoja wa Ulaya, ambayo Tanzania imo, na watu wengi hawajui kwamba hii huombi peke yako mtandaoni, inapitia chuo chako kikiwa na mkataba na chuo cha Ulaya, ndo maana nimesema idarani kwanza. Ukichaguliwa hulipi ada ya chuo cha huko, unapewa hela ya kujikimu inayocheza kwenye yuro 800 hadi 900 kwa mwezi kutegemea nchi, na kuna mchango wa nauli. Inaweza kuwa kusoma au kufanya mafunzo kwa vitendo, kuanzia miezi miwili hadi miezi 12. Kwa mtoto wa mkulima wa Kibosho au Mbulu hii ni njia nzuri kuliko zote, nasema bila kusita, kwa sababu haikudai mamilioni kabla hujaondoka.

Njia ya pili ni kwenda kufanya field tu, bila kusoma. Hapa kalenda yetu inatubeba kidogo, likizo ndefu ya vyuo vyetu vingi inaangukia Julai mpaka Septemba na huo ndo msimu Ulaya wanapokea wanafunzi wa intanishipu za kiangazi, kwahiyo huna haja ya kuahirisha mwaka. Lakini kila nchi ina sheria yake ya nani anaruhusiwa. Chukua Ujerumani, mwanafunzi aliyesajiliwa chuo cha nje ya Ulaya anaweza kufanya intanishipu inayoendana na anachosoma mpaka miezi 12, ila lazima awe ameshamaliza semista nne, na Wakala wa Ajira wa serikali yao, kitengo wanachokiita ZAV, wakubali kabla viza haijatoka. Soma tena hapo pa semista nne. Maana yake ukiwa mwaka wa kwanza usipoteze nauli kwenda Dar ubalozini kwa ajili ya hii, subiri uanze mwaka wa tatu, na huo muda wa kusubiri utumie kujifunza lugha na kujenga CV. Na usidanganyike kwamba ukienda chini ya siku 90 basi kibali cha ZAV hakihusiki, field ni kazi hata kama hulipwi na wao wanaihesabu hivyo.

Wa uhandisi na sayansi waulize pia kuhusu IAESTE, ni mtandao wa nchi nyingi ulioanza 1948 unaobadilishana nafasi za mafunzo kwa wanafunzi wa fani za ufundi, na mwajiri analipa posho ya kukutosha kuishi, ila nafasi zinapitia kamati ya nchi, sio kwa mtu binafsi. Wa udaktari na uuguzi mjue mapema kwamba hospitali nyingi za nje zitawaruhusu kuangalia tu bila kumgusa mgonjwa, ni sawa kabisa mnajifunza, ila muulize idara kama kuangalia kunatosha kuhesabika.

Njia ya tatu ni kusoma digrii yote nje na kufanya intanishipu ukiwa huko. Hii ndo ghali na ndo mawakala wanaipenda. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, ni kweli, ila jimbo la Baden-Württemberg linatoza wasiotoka Ulaya yuro 1,500 kwa semista, na viza ya masomo inataka uonyeshe hela ya kuishi mwaka mzima kwenye akaunti iliyofungwa, kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni yuro 11,904, hiyo ni zaidi ya milioni 30 za kwetu, na unaruhusiwa kuchomoa yuro 992 tu kila mwezi. Uingereza wanataka hela ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, na kwa viza ya zaidi ya miezi sita Mtanzania anapima kifua kikuu kwenye kliniki wanayoitambua wao. Mtu akikuambia atakujazia akaunti siku mbili upigiwe muhuri wa benki, mkatae, taarifa ya benki inaonyesha hela imeingia lini na maafisa wa viza wanasoma mstari kwa mstari, ukikamatwa na nyaraka ya uongo unafungiwa miaka. Na kabla hujalipa chochote hakikisha chuo chenyewe TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wanakitambua, maana digrii ya nje itapita kwao ukirudi kutafuta kazi.

Kuna njia nyingine watu wa huku tunaisahau na iko mlangoni. Namanga ni kama kilomita 110 kutoka Arusha mjini, Moshi mna Holili, na Nairobi kuna makao makuu ya UNEP na UN-Habitat, mashirika ya UN ya mazingira na ya makazi, pale Gigiri, kuna ICIPE wa wadudu, kuna ILRI wa mifugo, hizi ni taasisi ambazo mwanafunzi wa mazingira, kilimo au mifugo kutoka Ulaya anapanda ndege kuja kuzitafuta. Intanishipu za UN kwa kawaida zinataka uwe mwaka wa mwisho wa digrii ya kwanza, au unasoma masters, au una chini ya mwaka tangu uhitimu, na hazilipi, kwahiyo piga hesabu ya chumba na nauli kabla hujafurahia barua. Kuvuka mpaka kama raia wa Afrika Mashariki ni rahisi, ila kukaa miezi mitatu ukifanya field ni kibali kingine unachoomba Uhamiaji wa Kenya, taasisi inayokupokea ndo ikusaidie, usiingie kama mtalii alafu ukaanza kwenda ofisini. Na hapa hapa Arusha kuna Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ukipata hata miezi mitatu pale, barua ya bosi wako inasomwa na mtu wa Geneva bila kuuliza ni wapi.

Twende kwenye makaratasi, na hapa naomba utulie kwa sababu ndo wengi wanakwama, tena sio kwa akili wala GPA bali kwa majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cheti cha fomu foo kina jina la babu, NIDA wameandika herufi moja tofauti, kwetu hili ni la kawaida kwa sababu mtu ana jina la ubatizo, jina la nyumbani na jina la ukoo na kila ofisi ilichukua lake. Leo hii, hata kama safari ni mwaka kesho kutwa, tandika vyeti vyote mezani usome herufi kwa herufi. Kama vinatofautiana nenda kwa wakili uulize kama kiapo kinatosha au unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, alafu ndo uombe pasipoti. Ya kielektroniki ni shilingi 150,000, fomu unajaza mtandaoni alafu unaenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, watataka NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, cha mzazi au kiapo chake, na ushahidi wa shughuli unayoendea, hapo ile barua ya idara inafanya kazi yake ya kwanza. Chanja homa ya manjano na utunze kadi.

Lugha usiipuuze. Vyuo vingi vya kubadilishana wanakubali barua ya msajili kwamba umesoma kwa Kiingereza, kwahiyo omba hiyo kabla hujalipia mtihani wa IELTS.

Kuhusu kuandika barua ya kuomba field, nakuomba usikopi ya mtu. Mwanafunzi wa MoCU akiandikia ushirika wa Ujerumani aseme anatoka Moshi ambako KNCU ya wakulima wa kahawa ipo tangu 1933, aseme baba au bibi yake alipeleka kahawa chama cha msingi kama ni kweli, aseme anataka kujifunza nini hasa, labda mikopo ya wanachama au namna wanavyouza bila dalali. Mtu wa Mweka aseme anajua nini kuhusu tembo na mashamba ya watu. Huku kaskazini tunaishi ndani ya mambo ambayo wenzetu wanasoma vitabuni, hiyo ndo nguvu yako na inaonekana kwenye mistari mitano ya kwanza. Tuma nyingi, fuatilia baada ya wiki mbili kwa heshima, ukikosa jibu songa mbele.

Ofa ikija, iangalie. Mwajiri wa kweli hakudai hela ya kukupa nafasi, anakupa mkataba wenye tarehe, saa za kazi, jina la msimamizi na kama kuna malipo, na imeili yake inatoka kwenye tovuti ya taasisi yenyewe. Piga simu namba iliyo kwenye tovuti yao, sio iliyo kwenye barua. Ukiombwa dola 300 za usajili kwa mtu wa WhatsApp, futa.

Hela ya nauli na kuanzia ongea nyumbani mapema. Desemba ukoo wote ukirudi Kilimanjaro ndo wakati wa kukaa na baba wadogo na mashangazi, nenda na karatasi yenye hesabu iliyonyooka, nauli, bima, viza, mwezi wa kwanza, watu wanachanga kwa moyo wakiona umejipanga. Linganisha tiketi ya kuondokea KIA na ya Nairobi, mara nyingine basi la Namanga linakuokolea hela nyingi sana. Kumbuka pia viza nyingi utafanyia Dar, kwahiyo weka bajeti ya kwenda na kurudi na pa kulala.

Ukifika fuata saa za viza yako. Uingereza ukiwa digrii ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, Ujerumani mwanafunzi wa kigeni ana siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka tangu Machi 2024, na intanishipu ambayo ni lazima kwenye kozi yako ya huko haikatwi kwenye hizo siku wakati ile ya hiari inakatwa, kwahiyo uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kusaini. Nyumbani usiwafiche kama mambo ni magumu, baridi na upweke vya Januari vinaumiza watu kweli, tafuta Watanzania walioko mji huo hata kabla hujaondoka.

Na logibuku jaza kila siku, saini kila wiki, usisubiri mwisho. Wiki mbili kabla ya kuondoka omba barua ya utendaji, waombe waandike kwa Kiingereza. Masomo uliyosoma omba transkripti yenye muhuri ije chuoni kwako moja kwa moja na nakala ubaki nayo. Ukitua tu peleka kila kitu idarani na ile barua ya mwanzo, alafu baada ya wiki chache ingia kwenye mfumo wa matokeo uhakikishe krediti zimeingia, kama hazijaingia rudi tena ofisini siku hiyo hiyo, usingoje orodha ya wahitimu itoke.