Somo: Kuchapa picha zenu za chumbani bila jicho la tatu

Somo hili ni la watu wazima waliokubaliana. Labda mke anataka kumpa mume albamu ndogo siku ya kumbukumbu ya ndoa, au mama aliyejipiga picha za ujauzito tumbo likiwa wazi anataka kuzishika mkononi, amechoka kuzitazama kwenye simu. Kama mmoja wenu hajaafiki, au yeyote aliye pichani hajatimiza miaka 18, ishia hapa hapa. Hiyo si faragha tena, ni jinai.

Nimefanya kazi nyuma ya kaunta ya studio, kwa hiyo najua picha moja inapita wapi na wapi. Wateja wengi wanaogopa kwamba kijana anayechapa ataangalia. Ataangalia, hawezi kurekebisha rangi akiwa amefumba macho. Ila macho yake yatasahau, maana siku hiyo amechapa pasipoti saizi za darasa zima na harusi mbili. Visivyosahau ni kompyuta, simu na pipa la taka. Ndiyo maana kila hatua hapa chini nitauliza jambo moja: picha imeacha nini nyuma?

Hatua ya 1: Usipite stesheneri

Ukituma picha kwa namba ya stesheneri, ujue kompyuta ya pale imefunguliwa WhatsApp kutwa nzima. Picha yako inakaa kwenye orodha ile ile yenye barua ya maombi ya kazi ya jirani na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mwalimu. Ili aichape anaipakua, kwa hiyo nakala ya pili iko kwenye folda ya Downloads. Simu ya mwenye duka nayo imeipokea, pengine imeiweka kwenye galari, na galari imeshaipandisha Google Photos. Hapo hata pesa hujatoa.

Flashi ni nafuu kidogo, si sana. Kompyuta ya dukani inakumbuka majina ya mafaili yaliyofunguliwa na mara nyingi inabakiza vijipicha vyake vidogo. Na flashi yenyewe utarudi nayo na virusi.

Hatua ya 2: Kagua kilicho nyuma yako

Kabla ya kuchapa, tazama picha kama mtu asiyekupenda. Uso ukiwemo, hakuna cha kubishana. Lakini hata uso ukikatwa, kanga iliyotandikwa kitandani ina jina, na mtaa mzima unajua nani alivaa kanga hiyo kwenye shughuli ya mwezi uliopita. Angalia nondo za dirisha, picha ya harusi ukutani, kioo cha kabati kinachoonyesha mpiga picha, alama ya chanjo begani, pete. Kata pembeni, au piga upya mbele ya shuka jeupe. Shuka jeupe karibu na dirisha, saa ya asubuhi, hutoa picha nzuri kuliko taa ya chumbani, kwa hiyo hupotezi kitu.

Hatua ya 3: Nyamazisha simu

Hapa ndipo wengi hudhani wako salama. Zima kupandisha picha kwa Google Photos au iCloud kabla hata hujapiga. Kumbuka akaunti ya Gmail iliyo kwenye simu yako ndiyo mara nyingi iliyowekwa kwenye televisheni ya sebuleni na kwenye tableti ya watoto. Televisheni inapopumzika inaweza kuanza kuonyesha picha za familia, moja baada ya nyingine, na mama mkwe amekaa kwenye kochi.

Google Photos ina folda ya kufungwa kwa nywila ya simu. Ni nzuri, lakini huwezi kuchapa kitu kikiwa ndani yake, lazima ukitoe kwanza. Ukikitoa huku data imewashwa na kupandisha kumewashwa, kimeshaondoka. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: zima data, zima kupandisha, toa picha, chapa, irudishe ndani, ndipo uwashe data. Printa nyingi ndogo za picha hazihitaji intaneti wakati wa kuchapa. Huongea na simu kwa Bluetooth, au hutengeneza Wi-Fi yao wenyewe.

Hatua ya 4: Chagua mashine

Kuna njia nne, na mimi nina upendeleo wangu.

Ya kwanza ni kamera ya papo kwa papo, kama Instax ya Fujifilm au Polaroid. Edwin Land, mvumbuzi wake, alipoionyesha kamera ya Polaroid mwaka 1947 na kuanza kuiuza mwaka uliofuata, alimwondoa msafisha picha katikati. Kwa picha za chumbani hilo ndilo tunalolitaka. Instax Mini ya kawaida haina kumbukumbu, haina faili wala negativu. Ukibofya inatoka kadi moja, na hiyo moja ndiyo iliyopo duniani. Kasoro yake ni udogo: picha yenyewe ni milimita 62 kwa 46, na mwanga ukiwa hafifu ngozi nyeusi inazama kwenye giza. Kaa dirishani. Angalia pia unanunua aina gani, kwa sababu Instax Mini Evo ni ya kidijitali na ina kumbukumbu ndani. 

Ya pili ni printa ndogo za karatasi ya Zink. Hazina wino, rangi imo ndani ya karatasi na joto ndilo linaloiamsha. Hazibakizi riboni, yaani ule mkanda wa plastiki wenye rangi, na hilo nalipenda. Rangi zake zinapauka kidogo na karatasi ni ndogo, kama inchi 2 kwa 3. Kwa kuficha ndani ya pochi zinatosha.

Ya tatu ni zile za riboni, maarufu ikiwa Canon Selphy. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa albamu. Inatoa picha ya milimita 100 kwa 148, karatasi inapita mara nne: njano, nyekundu ya majenta, samawati, mwisho tabaka la kinga, ndiyo maana haiharibiki ukiigusa na kidole chenye maji. Haihitaji kompyuta. Lakini ina siri yake, nitaieleza hatua inayofuata.

Ya nne ni printa ya wino, kama zile Epson za matangi ambazo studio nyingi za mitaani zinatumia. Ukiwa nayo nyumbani, vizuri, inafika hadi A4. Chapa kwanza picha ya ua au ya paka upime rangi, maana picha ya kwanza mara nyingi inatoka na mistari, na hutaki picha yenye mistari iwe ile. Ukitumia kompyuta, kagua orodha ya kazi za kuchapa iwe tupu kabla hujainuka. Kazi iliyokwama leo kwa sababu karatasi zimekwisha itajichapa yenyewe kesho, mtoto akichapa hesabu zake.

Hatua ya 5: Masalia

Chukua riboni ya Selphy iliyotumika, ivute, iinue dirishani. Utajiona. Fremu ya kwanza uko wa njano, inayofuata wa majenta, kisha wa samawati, na vivuli vimegeuka: pale ulipokuwa mweusi pamekuwa peupe, kwa kuwa rangi ya hapo imehamia kwenye karatasi. Sura inasomeka waziwazi. Riboni moja ya saizi hiyo mara nyingi ni ya picha 36, kwa hiyo kila uliyochapa imo humo, kwa mpangilio, kwenye mkanda wa mita zaidi ya 20. Watu hutupa kasha hilo jalalani likiwa zima. Watoto wa jalalani hupenda kuvuta mikanda.

Usikimbilie kiberiti. Plastiki huyeyuka nje ikaacha katikati, inatoa moshi mbaya, na kipande kimoja chepesi kinapeperuka hadi uani kwa jirani. Vunja kasha, vuta mkanda wote nje, uzungushe mkononi kama uzi wa kufuma, kisha kata fundo hilo kwa mkasi mkali vipande vya urefu wa kidole. Changanya na maganda na majivu, tupa kwa mafungu siku tofauti. Ni kazi ya nusu saa na inachosha mkono. Kama hutaki kazi hiyo, rudi kwenye Zink.

Kadi ya Instax iliyoharibika usiikate ikiwa bado mbichi, ina uji wa kemikali unaounguza ngozi. Iache ikauke siku kadhaa, kisha ukate umevaa glavu. Picha za karatasi ya kawaida chana, loweka, vuruga.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

Hili ni fupi. Kisanduku chenye kufuli, na nyote wawili mjue funguo ilipo. Wakazi wa pwani waweke vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, kwani joto na unyevu wa Tanga au Unguja hunatisha picha kwa picha. Nyuma ya picha usiandike majina.

MASWALI YA WANACHAMA

Binti wa Kisauni: Somo, shikamoo. Sina hela ya printa na nataka picha tano tu. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Azima printa kwa mtu unayemwamini, nunua riboni au karatasi yako mwenyewe, na uondoke na riboni hata kama imebaki nusu. Ukilazimika kwenda studio, tafuta ile ambayo mwenyewe ndiye anayechapa na mashine iko pale pale, kwa sababu studio ndogo nyingi hukusanya kazi na kuzipeleka maabara kubwa mjini. Piga simu kwanza, mwambie wazi ni picha za aina gani. Akikataa mshukuru, ni haki yake. Nenda saa isiyo na wateja ukiwa na kadi yenye picha hizo tano tu. Simama pembeni yake. Omba zilizoharibika, omba faili lifutwe na pipa la kompyuta limwagwe ukiona. Anayekuambia "niachie, pitia jioni", ondoka na kadi yako.

Mzee wa Zamu: Ofisini kwetu kuna mashine kubwa ya rangi, na usiku nabaki peke yangu. Kuna ubaya?

Kaka, upo. Mashine kubwa za kopi nyingi zina diski ndani kama kompyuta, na mtandao wa ofisi huandika nani kachapa, faili gani, saa ngapi. Mtu wa IT ataona jina lako na saa nane usiku. Karatasi ikikwama nusu, nayo itatolewa na fundi asubuhi.

Mama Pacha: Mume wangu yuko Muscat. Nataka kumtumia albamu kwa mtu anayesafiri.

Usifanye hivyo, mpenzi. Nchi za Ghuba zinakataza kuingiza picha za uchi, mizigo hupekuliwa, na afisa wa forodha hatakuuliza kama mna cheti cha ndoa. Tena unambebesha msafiri kosa asilolijua. Mtunzie, atazikuta nyumbani akija likizo. Mkitaka kumtumia kitu, mtumie picha ukiwa umevaa dera lako zuri, ayaelewe mengine mwenyewe.

Sitaki Jina: Nimeachana na mtu, anazo picha zangu na anatishia kuzisambaza nisipompa pesa.

Pole sana. Usilipe, akipata mara moja atarudi. Hifadhi vitisho vyote, piga picha ya skrini yenye namba na tarehe, usifute mazungumzo. Kwa Tanzania nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhusu atakayezirusha. Kenya, kifungu cha 37 cha sheria ya 2018 ya makosa ya kompyuta na mtandao kinataja picha za faragha waziwazi: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote. Kama wewe mwenyewe unazo nakala kwenye simu, ingia tovuti ya StopNCII.org, inayosaidia kuzuia picha za faragha zisisambazwe. Inatengeneza alama ya utambulisho wa picha humo humo kwenye simu yako, picha yenyewe haiondoki, na mitandao kama Facebook, Instagram na TikTok hutumia alama hiyo kuizuia isipandishwe. Na tafuta mtu mmoja wa kukaa naye leo, usibaki peke yako na jambo hili.

Fundi Simu: Somo umesahau kadi ya kamera. Kufuta hakutoshi, mimi narudisha picha za wateja kila wiki.

Ahsante fundi, umesema kweli. Ukifuta, kadi inasahau tu mahali ilipoiweka picha. Ukitaka kuiuza au kumpa mtu, ifomati, kisha ijaze mpaka pomoni kwa video ndefu ya kitu chochote, hata dari ya nyumba, halafu ifomati tena. Mimi siuzi kadi kabisa, naivunja.

Bi Arusi Mtarajiwa: Nikimaliza nataka kuiuza ile Selphy. Kuna kitu cha kutoa kwanza?

Toa kasha la riboni, hata kama limebaki picha mbili. Toa kadi ya kumbukumbu kwenye tundu lake, wengi huisahau humo. Kwenye mpangilio wa printa rudisha Wi-Fi kama ilivyotoka dukani, na kwenye simu yako futa jina la printa hiyo. Mnunuzi akiuliza riboni iko wapi, mwambie haiuzwi, na mpunguzie bei.