SOMO: Kuomba ushahidi Jersey, na kwa nini London si mlango wake

Mpelelezi wa Kenya akitaka ushahidi wa akaunti iliyo kisiwani Jersey, amwandikie nani? Nimeshajibu swali hili kwa ujumbe wa faragha mpaka nimechoka. Naliweka hapa.

1. Ombi la Kenya hupitia ofisi ya Mwanasheria Mkuu, chini ya sheria ya 2011 ya kusaidiana kisheria na nchi nyingine. Wewe mpelelezi huandiki kwa jina lako.

2. Anwani. Hapa ndipo nilipoharibu. Jersey iko chini ya Taji la Uingereza, lakini si sehemu ya Uingereza: ina bunge lake, mahakama zake na sheria zake. Mimi nilielekeza ombi London, nikidhani mkubwa atalifikisha kwa mdogo. Uingereza haitekelezi maombi kwa niaba ya Jersey. Barua ilirudi baada ya miezi, na akaunti tuliyoifuata ilishakaushwa. Anayepokea ni Mwanasheria Mkuu wa Jersey. ANDIKA JERSEY.

3. Taja kosa, mtu, akaunti, kipindi, na jinsi pesa zinavyohusiana na kosa. Ushahidi utautumia kwa shauri ulilolitaja tu.

4. Usikate tiketi kwanza. Kitambulisho chako cha upelelezi hakina nguvu kule. Omba kuhudhuria mahojiano ndani ya barua hiyohiyo, na hata ukiruhusiwa, mwenye kuendesha mahojiano ni afisa wa huko.

MASWALI

Kamau_Jr: Si nimpigie tu polisi wa huko? Nina rafiki.
— Soma hatua ya 1. Habari ya simu inakuonyesha pa kuchimba. Kortini unahitaji nyaraka zilizoombwa rasmi.

Bi Salma: Na Bermuda ni vilevile?
— Ahsante kwa kuuliza, dada. Bermuda ni eneo la ng'ambo la Uingereza. Mwaka 2009 Waziri Mkuu wake, Ewart Brown, alikubaliana na Marekani kupokea Wauiguri wanne (Waislamu wa asili ya China) kutoka gereza la Marekani la Guantánamo bila kuishauri London. London ilikasirika, maana katiba ya huko inamwachia Gavana, mwakilishi wa Taji, mambo ya nje na usalama. Basi tenganisha: ushahidi unaombwa kwa Mwanasheria Mkuu wa kisiwa, lakini kupatana na dola ya kigeni kunaigusa London.

Kamau_Jr: Kwani kuna pesa iliwahi kurudi?
— Ndiyo. Windward Trading, kampuni iliyopokea pesa za hongo kutoka Kenya, ilikiri utakatishaji wa fedha katika mahakama ya Jersey mwaka 2016. Mwaka 2022 Kenya na Jersey wakasaini makubaliano ya kurudisha pauni milioni 3 hivi, zinunue vifaa vya matibabu.

Bi Salma: Kampuni ikiwa imesajiliwa Visiwa vya Virgin vya Uingereza, akaunti iko Jersey?
— Maombi mawili, dada, na yatoke siku moja. Ukitanguliza moja, mwenye pesa anaweza kushtuka kabla ya la pili kufika.