Bogenvilia kuwa bonsai: shina kwanza, maua baadae

Bogenvilia watu wengi wanaijua ni ya kupandisha ukutani tu au kwenye fensi, na ikizeeka inang'olewa inachomwa. Jamani kile kisiki msikichome, hapo ndo penye bonsai, yaani mti unaotunzwa ukiwa mdogo kwenye kibakuli.

Kwanza uhakikishe ndo yenyewe. Ile rangi unayoiona, iwe pinki, zambarau, chungwa au nyeupe, sio ua, ni majani matatu yaliyobadilika rangi, mepesi kama karatasi. Ua lenyewe ni kile kijibomba chembamba cheupe cha katikati. Chuma moja ulisogeze karibu na jicho, utaona kila jani limebeba kijibomba chake, kimeshikamana na mshipa wa kati. Alafu angalia miiba, inatokea pale pale jani linapoota kwenye tawi. Zipo aina kadhaa, glabra majani yake yanang'aa na hayana vinyweleo vingi, spectabilis yana vinyweleo na miiba yake imepinda kama ndoano. Mi kwa bonsai nachagua glabra maana majani yake ni madogo, ila nyingi tunazopanda ni machotara kwa hiyo jina lisikuumize kichwa.

Sasa kisiki. Tafuta kinene, walau kama kiwiko cha mtoto, na kwa chini kiwe kinatanuka. Kosa ninaloliona kila siku ni mtu kuchukua kitawi chembamba na kukiweka moja kwa moja kwenye kibakuli cha bonsai, miaka inapita bado ni kamba tu, kwa sababu unene unatafutwa kwenye ardhi au chungu kikubwa, kwenye kibakuli unatunza tu ulichonacho. Ukishakipata kata juu ubakize sentimita 15 hadi 20, punguza mizizi minene, usiogope, mti huu unavumilia. Udongo uwe wa kupitisha maji haraka, mi nachanganya changarawe ndogo sehemu mbili na mboji sehemu moja. Mbao yake ni laini inaoza upesi, kwa hiyo kila kidonda kikubwa kizibe, hata kwa gundi ya mbao, bila hivyo maji yanaingia na shina linakuwa pango.

Kiweke kivulini penye mwanga na usikiguse. Hapa ndo wengi wanapoteza. Chipukizi zikitoka mtu anafurahi anakitoa juani, kumbe zinakula akiba iliyomo shinani, chini bado hakuna mzizi hata mmoja mpya, siku mbili tatu zote zimenyauka. Subiri mpaka matawi yarefuke yenyewe na majani yakomae, ndo usogeze juani kidogo kidogo.

Kufunga waya ili kulipa tawi umbo, tumia wa alumini, tawi likiwa limeanza kugumu kidogo lakini bado lina ukijani. Likikomaa halipindi, linakatika. La kwangu la kwanza lilichomoka pale linapoungana na shina wakati nalishusha, na ndo lilikuwa tawi kuu, niliumia sana. Siku hizi kabla sijapinda chochote naegemeza kidole gumba kwenye maungio. Zungusha waya kwa mlalo wa nyuzi 45 hivi, na ukague kila wiki maana linanenepa haraka na waya unazama kwenye gome. Kuutoa, ukate vipande vipande, usiufungue kwa kuuzungusha.

Maua sasa. Jua lisipungue masaa sita kwa siku, bila hilo utapata majani na miiba tu. Yanatoka kwenye matawi machanga, ndo maana tunapogoa maua yakishaisha kupukutika, tunaacha matawi yachipue upya. Mbolea yenye naitrojeni nyingi achana nayo, itakupa majani. Maji ndo siri yenyewe, mti ukishashika mizizi vizuri acha udongo ukauke mpaka majani yaanze kulegea, alafu mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, rudia hivyo hivyo. Siku utakayoona vitone vidogo vya rangi kwenye kwapa za majani, pale jani linapoungana na tawi, acha kuutesa, rudisha maji ya kawaida, ukiendelea na kiu hapo vitone vyote vitadondoka kabla havijafunguka.